Mtu Mwekundu wa Mwalimu

Salum wa duka alinipigia simu asubuhi, nikiwa ofisini Iyunga nachora ramani ya viwanja ambavyo mwenye navyo alishaanza kuviuza kabla havijapimwa. Kwa kawaida Salum haanzi jambo bila utani, lakini siku hiyo alisema tu, "Msomi, Mama Mwalimu hatunaye. Tunazika kesho." Nikauliza aliugua nini. Akasema, "Hakuugua. Alikaa barazani baada ya kula, hakuinuka." Kisha nikamsikia mtu nyuma yake akiomba chumvi, na yeye akimwambia asubiri. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi la Iringa. Igawa abiria waliteremka kununua mchele, mimi nikabaki kwenye kiti. Nyololo ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye lami, dereva akawasha taa mchana. Njia nzima nilikuwa najaribu kuikumbuka sauti ya yule mama, na kilichokuwa kinanijia ni mlio wa kijiko chake kikikwangua sufuria.

Msibani ndugu zake waliotoka mbali waliniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Sikuwa mkwe, sikuwa mpwa, sikuwa hata wa usharika wake. Nikasema niliwahi kupanga kwake. Wakanipa kisu na beseni, nikaketi uani kumenya vitunguu na wanawake wengine, nikisikiliza wakimwongelea mtu ambaye sikumtambua: mpole, mcha Mungu, asiye na neno na mtu. Mama Mwalimu niliyemjua mimi alikuwa na neno na kijiji kizima, ila alikuwa analimeza. Nilitaka kuwaambia hivyo, lakini nilishajifunza kuwa msibani si mahali pa kusahihisha watu. Nikaomba kwenda chooni, na nikirudi nikachungulia chumba changu cha zamani. Kilikuwa kimejaa mabegi ya wageni.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo, nina digrii ya akiolojia na tabia ya kuuliza swali kabla mwenzangu hajamaliza sentensi. Mtafiti mmoja tuliyemwita Daktari tu alikuwa anatafuta mtu wa kukaa kijijini kwa mwaka mzima, apande mlimani kila siku, apige na kuchora picha zote zilizo kwenye ukuta wa mwamba, na kwa kila moja aandike kama ni ya kale au ya juzi. Wenzangu walikataa kwa sababu intaneti ilikuwa haishiki. Mimi nilikubali, nadhani kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana na watu na nilifikiri mawe hayabishani. Daktari akanileta kwa gari, akanikabidhi kwa mjane wa aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi pale, akageuza gari kabla chai haijachemka.

Chumba alichonipa kilikuwa cha mwisho, chenye kitanda cha chuma, magunia ya mahindi yaliyonukia dawa ya dumuzi, na meza ya marehemu yenye madoa ya wino. Dirisha lilitazama mlima. Chakula tulikula jikoni, kwenye nyumba ndogo ya nyuma, ugali na majani ya maboga yaliyoungwa karanga, au makande, au viazi vya kuchemsha na chai ya rangi. Alikuwa akisali, tunakula, ananawa, anasema "Haya, mwanangu," na siku imekwisha. Nilijaribu kumwongelesha. Nikimuuliza kwa nini wanapanda mahindi na maharage shamba moja, anasema ndivyo. Nikimuuliza kwa nini mchungaji alihubiri kwamba kule mlimani ni kwa mizimu ilhali nusu ya wazee wa kanisa walikuwa wamewahi kupanda, ananitazama. Mara moja tu alisema, "Wewe mtoto unauliza kama trafiki." Nilicheka peke yangu.

Mwanzoni niliona watu wanamwita Mama Mwalimu nikadhani ni heshima ya kawaida. Baadaye nikaelewa kwamba wanawake wote wa rika lake waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama Tuma, Mama Festo, na yeye aliitwa kwa kazi ya mume wake kwa sababu hakukuwa na mtoto wa kumwitia. Hilo sikumuuliza. Ni moja kati ya maswali machache ambayo mwaka ule niliyaacha yapite.

Mahali penyewe wenyeji walipaita Kwenye Picha. Unapanda kwa njia ya mbuzi, unapita vichaka vya miombo, kisha mwamba unajitokeza mbele yako ukiwa umebonyea kwa ndani, kama chumba kirefu kilichokosa ukuta wa mbele. Ni jiwe la mchanga, laini, ukiligusa linakuachia unga wa kahawia kwenye kidole. Ukutani kuna twiga wekundu, pofu mmoja, yule swala mkubwa, asiye na kichwa, na watu wembamba wenye vichwa vya mviringo, baadhi wamesimama, baadhi wameinamia kitu nisichokijua. Juu yao, kwa rangi nyeupe nzito, kuna michoro ya baadaye ya watu wengine kabisa. Niliketi pale kila siku na kamera, karatasi na kioo cha kukuzia. Upepo ulikuwa ukiingia upande mmoja na kutokea mwingine. Nilianza kuongea kwa sauti, kwanza vipimo, halafu mambo yangu, halafu nikaacha, maana sauti ilikuwa inanirudia ikiwa na ubishi kuliko nilivyoitoa. Vitabu vyangu vilisema hawa walikuwa waganga, au wawindaji, au waomba mvua. Kila nilipoangalia ukuta niliona kuwa waandishi wale nao walikuwa wanakisia, kwa maneno marefu tu. Kulikuwa na alama za vidole vya mtu aliyeburuza rangi akaondoka. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua kitu, na mimi nilikuwa mmoja wao, na hapakuwa na wa kumwambia.

Upande wa kulia kabisa, chini, mahali mtu aliyeketi anaweza kufikia, kulikuwa na mtu mwekundu aliyesimama peke yake. Amejitwisha kitu cha mviringo kichwani, mikono yote miwili imekishika. Picha hiyo ndiyo niliyoikuta tayari ina maneno, na maneno yenyewe niliyasikia dukani kwa Salum.

Salum ni mtu wa familia iliyotoka pwani zamani, lakini yeye amezaliwa hapohapo na Kihehe anakijua kunishinda kwa mbali. Duka lake ndilo lililokuwa redio ya kijiji. Nilikuwa nimesimama nikisubiri salio liingie, yeye akaniuliza, "Msomi, yule wa chini kulia umeshampima?" Nikasema bado. Akamgeukia mteja mmoja, mzee wa makamo aliyekuwa ameegemea baiskeli. "Huyu bado hajui. Yule alichorwa na Mwalimu mwenyewe."

"Alitaka serikali ije," akasema yule wa baiskeli. "Aliwapeleka watu wa wilaya kule, akawaonyesha. Akaona picha hazitoshi, akaongeza moja. Alitaka barabara."

"Barabara iko wapi sasa?"

"Kosa lake hakuchora na greda."

Wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ilichekesha. Mama Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. "Kamwene," akasema. Wakaitikia wote, Salum kwa haraka kuliko wengine. Akanunua kiberiti na mafuta ya kula, akafunga noti zilizobaki kwenye pindo la khanga, akaondoka bila kunitazama.

Jioni hiyo tulikula kama kawaida. Alikuwa anakwangua sufuria, akasema bila kuinua kichwa, "Kazi yako wewe ni kujua ipi ya zamani na ipi ya juzi."

"Ndiyo, Mama."

"Ile ya chini kulia. Ukiijua, niambie mimi kwanza. Si Daktari, wala Salum."

"Ungependa iwe ipi?"

"Sijakuuliza hivyo."

Nilidhani nimemwelewa. Nilidhani ni mjane anayetaka jina la mume wake lisafishwe, na kwa siri nikaanza kuomba iwe ya kale, mimi ambaye sikuwa naomba kitu. Huwa narudia kufikiria jambo hili hata sasa nikiwa na kazi ya kuchora mipaka ya watu: jinsi nilivyokuwa hodari wa kutilia shaka kila kilichoandikwa na kila kilichohubiriwa, lakini nilichodhani mwenyewe kuhusu mtu niliyekula naye sahani moja sikukitilia shaka hata kidogo.

Sikutaka kuhukumu kwa soga za dukani. Picha ilikuwa imepauka, mistari yake myembamba kama ya zile nyingine, na sehemu kubwa ya ukuta ilikuwa na ukoko mweupe wa chumvichumvi unaotokana na maji yanayochuruzika kwa miaka mingi sana. Swali lilikuwa moja: rangi iko chini ya ukoko au juu yake. Pale alipochorwa yule mtu, ukoko ulikuwa mwembamba, umemomonyoka, na kila nilipotazama kwa kioo niliona nilichokuwa nataka kuona. Miezi ikapita. Mvua zikaja zikaondoka, mahindi yakavunwa, nami nilikuwa nimeshachora twiga wote na yule mtu nimemwacha.

Baada ya mavuno, wanawake wa pale husiliba nyumba. Wanakwenda kuchimba udongo mwekundu kwenye korongo, wanautwanga, wanauchekecha, wanaukoroga na maji mpaka uwe kama uji, halafu wanapaka sehemu ya chini ya kuta kwa kiganja, mstari kwa mstari, na juu yake wanapaka udongo mweupe. Mama Mwalimu alinikuta nimekaa barazani, akanipa ndoo. "Leo mawe yapumzike." Tulisiliba mchana kutwa. Ilikuwa siku ya kwanza kuongea nami zaidi ya chakula: alinionyesha jinsi ya kuanzia kona, akanicheka nilipoacha mabaka, akaniambia kwamba Mwalimu ndiye pekee kati ya wanaume wa kijiji aliyekuwa akimsaidia kazi hii, na kwamba wenzake walimtania kwa hilo mpaka anaingia kaburini. Jua lilipoinama nilikwenda kunawa, nikaona mikono yangu inang'aa. Udongo ule ulikuwa na vipande vidogo sana vya ulanga, vinameta kama magamba ya dagaa.

Kesho yake nilipanda mlimani, nikamsogelea yule mtu na kioo, nikasubiri jua la asubuhi limfikie kwa ubavu. Alimeta. Nikaenda kwa twiga, kwa pofu, kwa wale walioinama. Hawakumeta hata mmoja. Wekundu wao ulikuwa wa jiwe lililosagwa, mzito, usio na mng'ao. Nikarudi kwake, na sasa nilipokuwa nimeacha kumwombea nikaona wazi kwamba rangi imepita juu ya ukoko na kuingia kwenye nyufa zake. Nilikaa chini pale ambapo Mwalimu lazima alikaa. Alikuwa na udongo wa ukuta wa jikoni kwenye kopo, mtu mzima, mwalimu, peke yake, na upepo uleule.

Nilimwambia tukiwa tunachambua maharage. Nilijiandaa na maneno mengi ya kupunguza makali, nikaishia kusema, "Ni yake, Mama. Ametumia udongo wako."

Akaendelea kuchambua. Halafu mikono ikasimama. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Wewe ambaye huna hakika hata na Krismasi."

"Na hili ninayo."

Akafunika uso kwa khanga. Nilidhani analia kwa aibu, nikaanza kumwambia kwamba hakuna anayelazimika kujua. Akaitoa khanga na nikaona kwamba amefurahi, ana furaha kubwa inayomtetemesha kidevu. "Miaka yote wananicheka nayo," akasema, "na mimi naomba iwe kweli. Mimi sina kitu cha yule mtu. Nguo waligawana ndugu zake. Picha yake ni ile ya kitambulisho waliyoikuza, uso umekuwa madoa. Nikasema kama ni kweli alichora, basi iko sehemu aliyoshika." Kisha akauliza tunaweza kwenda lini.

Hakuwahi kupanda. Mwalimu alikuwa akimwalika kila mara, naye alikuwa na kazi kila mara, na baada ya msiba aliogopa kwenda kukuta kitu kisichochorwa na mumewe. Nilimshika mkono kwenye sehemu za mteremko. Alipita mbele ya twiga bila kuwatazama. Alipofika kulia kabisa akainama, akakaa chini kabisa, akatazama muda mrefu, halafu akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ndani ya nyumba ile. "Mikono hiyo," akasema. "Ona mikono ilivyo mirefu. Alifundisha watoto wa watu kuchora miaka yote na mikono ilikuwa inamshinda." Hakusema aliyejitwisha mzigo ni nani, na nilipofungua mdomo kuuliza, nikaufunga.

Daktari alikuja kabla ya mvua. Hakuhitaji kuambiwa na mimi. Aliitazama picha ile kwa kioo, akageuka akaniuliza naonaje, nikasema niliyoyaona. "Basi itafutwa," akasema. Nikabishana naye, nadhani kwa mara ya kwanza mwaka ule nilibishana nikiwa nataka kitu. Nilimuuliza wale wa kale walikuwa na nini zaidi ya Mwalimu, isipokuwa kutangulia. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Tukiiacha, Tusekile, mwakani kila mtu atapanda na kopo lake. Tutakuwa hatuna ya kale wala mpya." Nililitafuta kosa katika hoja hiyo na sikuliona. Bado silioni.

Jioni nilifanya jambo ambalo mtu aliyenijua chuoni asingeamini. Nilimwambia Mama Mwalimu kwamba Daktari bado hajaondoka, kwamba naweza kumrudia nikasema nilikosea, kwamba ukoko uko juu ya rangi. Angeniamini mimi niliyekaa nayo mwaka mzima.

"Ukisema ni ya zamani, itabaki?"

"Itabaki. Watailinda kama zile nyingine."

"Na wataandika nani amechora?"

"Hawaandiki jina. Wataandika watu wasiojulikana."

Akamega tonge la ugali, akalishika bila kulila. Nje mbuzi wa jirani walikuwa wanaingizwa zizini, mtu anawahesabu kwa Kihehe. "Basi afutwe," akasema. "Siwezi kumwacha kule juu anaitwa mtu asiyejulikana. Mimi namjua." Akala lile tonge. Baada ya kunawa akaongeza, "Lakini asifutwe na wageni."

Tulipanda watatu. Daktari alikuwa ametandika plastiki ukutani ili maji yasiwafikie wengine, akampa sifongo na brashi laini, akamwambia, "Maji kidogo tu, mama, kutoka chini kwenda juu," kisha akasogea mbali, akaangalia upande wa bonde. Mimi nilishika beseni. Mama Mwalimu alikunja mikono ya blauzi, akapiga magoti. Udongo ule Mwalimu hakuwa ameuchanganya na kitu cha kuushika, labda uji tu, kwa hiyo ulitoka bila ubishi. Mama Mwalimu alianza na miguu. Alifuta kama mtu anavyomwosha mtoto aliyelala, polepole, anasimama, anaangalia, anaendelea. Mzigo wa kichwani ukatoka, kichwa kikatoka. Ile mikono aliiacha mwisho, ikabaki peke yake kwenye jiwe imeshikilia kitu kisichokuwepo, na hapo akapumzika. Nilimsikia anamwambia kitu kwa Kihehe. Nilikuwa nimeshajifunza cha kutosha kuelewa, lakini hakuwa anaongea na mimi. Kisha akafuta mikono.

Wakati wa kushuka alitangulia. Hakutaka kunawa, maji mekundu yalikuwa yamemkaukia mpaka kwenye viwiko, na ulanga unameta juani. Njia inapita mbele ya duka. Salum alikuwa nje na watu wake, na yule wa baiskeli alikuwepo. Walimwona, wakaona mikono, wakaniona mimi na beseni tupu nyuma yake. Nadhani Salum alitaka kunyamaza, ila mdomo wake haujazoea.

"Kamwene, Mama Mwalimu," akasema. "Unatoka wapi na matope yote hayo?"

Kwa miaka alikuwa amepita pale ameinamisha kichwa. Akasimama katikati ya barabara ya vumbi, akawatazama mmoja mmoja.

"Natoka kwa Mwalimu," akasema, akaendelea na njia yake.